Kinamasi cha mafunjo si mto mgonjwa: namna ya kuwasoma wadudu wake

Ukipitisha wavu katikati ya mafunjo ya Mabamba au Nabajjuzi, vinamasi vya Uganda, na kumimina ulichopata kwenye sinia jeupe, utaona viluwiluwi wekundu kama damu wakijinyonganyonga, funza wenye mkia mrefu kama uzi, mbawakawa wa maji watatu au wanne wakikimbilia pembeni, na kunguni mkubwa wa maji aliyejifanya amekufa. Efemeroptera (mayfly kwa Kiingereza), ambao vitabu vya upimaji wa mito huwataja kuwa dalili ya maji safi, watakuwa wachache au hawapo kabisa. Mtu aliyefundishwa kupima mito atafungua jedwali lake la alama, atajumlisha, kisha ataandika kwamba maji haya yamechafuka vibaya.

Amekosea, na kosa hilo lina gharama, maana kinamasi kilichokwisha kuandikwa kuwa "kimeharibika" ni rahisi kukatwa viwanja. Mifumo ya alama kama SASS ya Afrika Kusini na TARISS ya Tanzania ilitengenezwa kwa mito inayotiririka, ambako maji yanayogonga mawe hupata oksijeni tele. Humo, mdudu asiyehitaji oksijeni nyingi hupewa alama ndogo kwa sababu kuongezeka kwake mtoni huashiria kwamba kitu fulani kimeila oksijeni, mara nyingi maji taka. Kinamasi cha mafunjo hakina oksijeni tangu enzi na enzi, hata pale ambapo hakuna binadamu aliyekigusa. Kukipima kwa jedwali la mto ni sawa na kumlaumu kambare kwa kukosa magamba.

Hali hiyo hutokea hivi. Mafunjo, yale tunayoyaita kitoogo kwa Kiganda, hufika mita 4 hadi 5 na kuziba jua. Maji yaliyo chini hayapati mwanga, kwa hiyo mwani hauna nafasi ya kutengeneza oksijeni mchana. Upepo haugusi uso wa maji, kwa hiyo hewa haichanganyiki nayo. Mabua ya zamani hukauka yakiwa wima, huanguka, na bakteria huyala polepole huku wakimaliza oksijeni kidogo iliyopo. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mafunjo ya Ziwa Viktoria na Kyoga haikushika ardhi. Mashina ya chini na mizizi yamefumana kuwa mkeka unaoelea, na maji yaliyo chini ya mkeka huo yamefunikwa kama chungu. Kwenye mwinuko wa Ziwa Viktoria, kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa huwa na takribani miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Ndani ya mafunjo ni kawaida kukuta chini ya miligramu 1.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kila mdudu aishiye humo amelijibu swali moja: utapumua vipi?

Jibu la kwanza ni kuacha kuyategemea maji. Lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya iliyomo katika lita ya maji yaliyoshiba, kwa hiyo mwenye njia ya kufika juu ana hazina isiyoisha. Kiluwiluwi wa mbu wa Culex huning'inia kichwa chini na kutokeza mrija wake wa nyuma. Laccotrephes na Ranatra, kunguni wa maji wenye miguu ya mbele kama ya vunjajungu, wana mkia uliofanywa na vipande viwili vinavyoungana kuwa bomba. Funza wa nzi Eristalis, yule mwenye mkia kama uzi, hujificha kwenye matope yaliyooza na kuurefusha mkia mara kadhaa ya urefu wa mwili wake mpaka ncha iguse hewa. Ukimwona usidhani umekuta choo. Kwenye matope ya mafunjo yuko nyumbani kwake.

Jibu la pili ni kubeba hewa. Hapa kuna jamii mbili za mbawakawa ambazo wanaoanza huzichanganya kila siku, na njia nyepesi ya kuzitenganisha ni kuwatazama dakika moja kwenye sinia kabla ya kuwatia kwenye pombe. Dytiscidae hupanda akitanguliza makalio, huingiza hewa chini ya mabawa magumu, kisha hushuka akipiga miguu miwili ya nyuma kwa pamoja kama makasia. Hydrophilidae hutanguliza kichwa, hupasua utando wa uso wa maji kwa kipapasio, na tumbo lake hung'aa kama fedha kwa sababu hewa imeshikwa na vinyweleo. Akiogelea, miguu yake hupishana kama ya mtu anayetembea.

Vitabu vingi husema povu la hewa hufanya kazi ya matamvua. Mdudu akiishapunguza oksijeni ndani ya povu, nyingine huingia kutoka majini, na hivyo anaweza kukaa chini muda mrefu. Hilo ni kweli katika bwawa lenye hewa. Ndani ya mafunjo mambo hugeuka: maji yana oksijeni kidogo kuliko povu, kwa hiyo oksijeni huvuja kutoka kwenye povu kwenda majini. Povu hubaki kuwa mtungi tu, tena mtungi unaovuja. Ndiyo sababu mbawakawa wa kinamasi hupanda mara kwa mara zaidi kuliko ndugu zake wa bwawani, na kila safari ya kwenda juu humweka machoni pa ndege na vyura. Ukitaka kipimo cha bei nafuu cha hali ya maji, hesabu ni mara ngapi mbawakawa mmoja anapanda kwa dakika 10 ndani ya ndoo ya maji ya palepale. Fanya hivyo mara tu unapoyachota, maana ndoo ikikaa wazi maji hujipatia hewa na jibu hupotea.

Jibu la tatu ni himoglobini, kile kitu chekundu cha damu kinachobeba oksijeni. Viluwiluwi wa Chironomus, nzi mdogo kama mbu asiyeuma, ni wekundu kwa sababu hiyo. Hujenga mirija ya matope, hujitikisa ndani yake kuvuta maji, na damu yao hunasa oksijeni hata ikiwa kidogo sana. Anisops, kunguni mdogo anayeogelea chali, naye ana himoglobini, na huitumia kusimama katikati ya maji bila kuzama wala kuelea. Nafasi hiyo ya katikati haigombewi na wengi.

La nne ni wizi, na kwa maoni yangu ndilo la kustaajabisha kuliko yote. Kiluwiluwi wa mbu wa Mansonia na Coquillettidia ana mrija wenye ncha kali kama msumeno. Huutumbukiza kwenye mzizi wa kabichi la Nile, gugu maji au mmea mwingine wa majini na kuvuta hewa iliyo ndani ya mmea. Haji juu kabisa. Nitarudi kwake kwenye mbinu za kukusanya, kwa sababu ndiye anayekosekana kwenye orodha nyingi huku yupo.

Kereng'ende ni wa katikati. Tunutu wa kereng'ende mnene hupumua kwa matamvua yaliyo ndani ya utumbo wa nyuma, huvuta maji na kuyatoa, na akishtuka huyasukuma kwa nguvu na kuruka mbele kama roketi. Tunutu wa kereng'ende mwembamba ana vijani vitatu mkiani, yaani matamvua yenye umbo la jani dogo. Hawa wote wanahitaji oksijeni ya majini, lakini hawajafungwa nayo: ikishuka hupanda bua mpaka karibu na uso wa maji, ambapo tabaka jembamba la juu lina hewa kidogo zaidi. Katika kinamasi cha Rwembaita, ndani ya Hifadhi ya Kibale, anaishi Proischnura subfurcatum, kereng'ende mwembamba ambaye tunutu wake huvumilia maji ya namna hiyo. Angalizo kwa wanaohesabu: vijani vya mkiani hukatika kirahisi adui akivishika au wavu ukivikwaruza. Tunutu mwenye kijani kimoja si aina nyingine, wala si mlemavu wa sumu.

Hata malezi yanafuata hewa. Yai halina mrija wala povu. Dume wa Appasus, kunguni wa maji wa jamii ya Belostomatidae, hubebeshwa mayai mgongoni na jike, kisha hukaa karibu na uso wa maji akiyainua na kuyatikisa mpaka yaanguliwe. Ukimkuta dume wa aina hii kwenye wavu, mrudishe alipotoka, maana mayai yakibanduliwa hufa. Mbawakawa Hydrophilus hutaga kwenye kifuko cha hariri chenye mlingoti unaochomoza juu ya maji. Culex huyapanga mayai yawe kama mtumbwi unaoelea.

Tukitoka ndani kuelekea ziwani, mambo hubadilika ndani ya hatua chache. Pembezoni mwa mkeka, mawimbi huleta oksijeni, jua hufika, na Efemeroptera wanaanza kuonekana. Maarufu wao ni Povilla adusta, ambaye tunutu wake hutoboa mabua ya mafunjo na mbao zilizozama, hutandika tundu lake kwa hariri, na huchuja chakula kinachopita. Wavuvi wanamjua kwa mashimo anayoacha kwenye mitumbwi ya mbao. Mwaka 1955 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Hartland-Rowe ulioonyesha kwamba Povilla wa Ziwa Viktoria hutoka majini kwa wingi siku chache kuzunguka mwezi mpevu. Wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi, Chaoborus na ndugu wa Chironomus, wao hufuata zaidi mwezi mwandamo. Kwa hiyo anayetega taa bila kuandika umri wa mwezi wa angani hawezi kulinganisha Machi na Aprili. Atadhani idadi imeporomoka, kumbe amekuja wiki isiyo yao.

Juu ya uso wa maji tulivu hutembea Gerridae, wenye miguu mirefu wasiozama. Wanashikiliwa na mvutano wa uso wa maji peke yake. Sabuni huuvunja mvutano huo. Mahali ambapo pikipiki na magari huoshwa ukingoni mwa kinamasi, hao hutoweka kwanza, kabla hata ya kitu kingine kubadilika rangi.

Mbu

Sababu inayotajwa zaidi watu wanapotaka kukausha kinamasi ni malaria. Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa sababu wanaoogopa malaria wana haki ya kuogopa.

Kiluwiluwi wa Anopheles hana mrija. Hulala sambamba na uso wa maji na kupumua hapohapo. Anopheles gambiae, msambazaji mkuu, hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi ya magari yaliyokanyaga matope, mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali, mifereji mipya ya bustani. Maji ya aina hiyo hupata joto haraka, hutoa mwani wa kula, na hayana wawindaji. Kivuli kizito cha mafunjo humnyima karibu yote hayo. Anopheles funestus ni tofauti kidogo, huweza kutumia maji ya kudumu yenye majani, hasa pembezoni. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kinamasi hakina mbu wa malaria hata mmoja. Ninachosema ni kwamba kukifyeka huongeza makazi ya yule mbaya zaidi.

Kabale ni mfano mzuri. Mabonde yake, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yalikuwa na mafunjo ambayo mengi yamegeuzwa mashamba na malisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya asili na vile vilivyo kando ya vilivyolimwa. Joto la juu na la chini lilikuwa kubwa zaidi karibu na vilivyolimwa, na vipimo vya malaria vilielekea upande uleule. Mahali penye baridi kama Kabale, hata chini ya nyuzi moja ina maana, kwa sababu vimelea hukua polepole ndani ya mbu na joto kidogo huwasaidia kukomaa kabla mbu hajafa.

Sababu ya pili ni muda, nayo husahaulika. Kwenye dimbwi jipya lenye jua, Anopheles hutoka yai hadi mbu anayeruka kwa wiki moja hadi mbili. Tunutu wa kereng'ende huhitaji wiki nyingi, wengine miezi. Hata Pantala flavescens, kereng'ende mhamaji aliye hodari kuliko wote kwa vidimbwi vya mvua, hawezi kumfikia mbu kwa mwendo. Dimbwi linalokauka na kujaa tena kila baada ya wiki tatu hutoa mbu mkupuo baada ya mkupuo bila mwindaji kukomaa. Kwenye maji ya kudumu wawindaji wako tayari mbu anapokuja kutaga: Anisops katikati ya maji, Dytiscidae wakubwa kwa wadogo, tunutu wa kereng'ende chini, Gerridae juu. Ndani ya mafunjo, ambako samaki ni wachache kwa kukosa oksijeni isipokuwa wapumua hewa kama kamongo na kambare, kazi kubwa ya uwindaji imeachiwa wadudu hawa.

Ndiyo maana dawa ya kuua wadudu wote ikimwagwa kwenye maji ya kudumu huleta mbu zaidi baada ya mwezi: mbu hurudi kwa siku chache, wawindaji kwa miezi. Kama lazima kutibu dimbwi, bakteria wa Bti hulenga mbu na nzi wa jamii ya karibu na kuwaacha mbawakawa na kereng'ende, ingawa baadhi ya ndugu wa Chironomus huguswa pia. Kwa mashimo ya matofali, dawa bora ni koleo: yafukiwe, au yachimbwe kina na kuunganishwa yawe bwawa moja la kudumu lenye samaki.

Mansonia hasambazi malaria, lakini huuma kwa bidii jioni, na watu wa kando ya ziwa wanamjua. Huyu anafuata mimea inayoelea. Kabichi la Nile likitanda kwenye ghuba, atatanda nalo.

Kukusanya bila kujidanganya

Kwanza ruhusa na usalama. Onana na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Ndani ya hifadhi ni UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na utafiti rasmi hupitia UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Mkeka wa mafunjo hubeba mtu mpaka unapoacha kumbeba: nenda wawili, na fito ya mita 3 ishikwe kwa ulalo ili ikuzuie ukitumbukia, tandika ubao unapokanyaga. Kwenye ukingo wa ziwa kuna konokono wa kichocho, kwa hiyo gambuti na glavu ndefu ni lazima hata kama jua ni kali. Ziwa George na Mburo kuna viboko. Huko usiingie mafunjo alfajiri.

Pima oksijeni kabla ya kuchafua maji, mara mbili: saa 12 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kina cha sentimita 5 na sentimita 30. Kipimo kirekebishwe kwa mwinuko wa mahali, la sivyo asilimia zote zitakuwa za uongo. Kama kifaa ni cha utando, chenyewe hula oksijeni iliyo mbele yake, kwa hiyo kikitulia kitasoma chini. Kisogeze polepole, bila kuvuta hewa. Kifaa cha mwanga hakina tatizo hilo. Pima pia joto na upitishaji wa umeme. Nitaeleza sababu.

Wavu wenye fremu ya upana wa sentimita 30 na matundu ya nusu milimita unatosha kwa kazi nyingi. Matundu ya robo milimita hunasa viluwiluwi wachanga, lakini ndani ya mafunjo huziba kwa takataka baada ya mikokoto miwili, maji hurudi nyuma na kuwasukuma wadudu nje. Kokota mita 1 mara 10, na urudie sehemu 5 katika kila ukanda: ukingo wa nchi kavu, ndani, kidimbwi cha wazi, ukingo wa ziwa. Usichanganye kanda kwenye chupa moja. Hilo ndilo kosa la kwanza kwa wingi, na halina tiba baadaye.

Chini ya mkeka wavu haufiki. Kata tundu kwa panga, tumbukiza ndoo iliyokatwa kitako hadi ishike mizizi, kisha chota kila kilichomo kwa bakuli na uchuje. Kata pia kipande cha mizizi ya ukubwa wa sentimita 20 kwa 20 ukioshe ndani ya ndoo, maana wengi wamejishikiza humo.

Mtego wa chupa hunasa mbawakawa ambao wavu huwakosa kwa sababu wanakimbia. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, kata theluthi ya juu, igeuze iingie ndani kama faneli, ibane kwa pini. Ifunge kwenye fito ikiwa imelala, na hakikisha sehemu ya chupa imebaki juu ya maji. Bila mfuko huo wa hewa, wapumua hewa wote watakufa kwa kuzama, na waliokufa huoza kabla hujarudi. Tega jioni, tegua asubuhi. Ukiacha siku nzima, utakuta mwindaji mmoja aliyeshiba na mabawa ya wenzake. Jua pia kwamba mdomo wa chupa humzuia kunguni mkubwa wa maji, kwa hiyo mtego peke yake hautoshi kusema hayupo.

Kwa mbu, kata ya mililita 350 ndiyo ya kawaida. Jongea kivuli chako kikiwa nyuma, tumbukiza ukingoni mwa majani kwa haraka, michoto 10 kila mahali. Lakini kata haimpati Mansonia hata siku moja. Yeye hupatikana hivi: weka beseni chini ya mmea ukiwa bado majini, inua vyote pamoja kwa mkupuo, maana akishtuka huachia mzizi na kuzama. Tia mimea 5 kwenye ndoo yenye lita 5 za maji, funika, tikisa kwa nguvu dakika nzima, toa mimea, chuja kwa matundu ya robo milimita. Geuza pia majani utazame upande wa chini, ambako mayai hugandishwa kwa mafungu.

Uhifadhi ndio unaoharibu makusanyo mengi kuliko wizi na mvua. Wadudu wa maji wamejaa maji, na majani uliyokusanya nayo vilevile, kwa hiyo pombe hupungua nguvu ndani ya saa chache. Tumia ethanoli ya asilimia 95 tangu mwanzo, angalau sehemu 3 kwa sehemu 1 ya sampuli, na uibadilishe yote kesho yake. Baada ya hapo asilimia 80 inatosha kwa kutazama umbo. Kwa kazi ya DNA baki na 95. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 huvusha siku chache. Waragi, yenye takribani asilimia 40, haihifadhi: utafungua chupa na kukuta supu. Lebo iandikwe kwa penseli, iwekwe ndani ya chupa. Wino huyeyuka, na kifuniko chenye jina hubadilishana na cha jirani.

Sasa, kinamasi kilichochafuliwa kweli tutakijuaje, ikiwa hakuna oksijeni vyovyote vile? Wapumua hewa ndio mashahidi. Ukosefu wa oksijeni majini hauwagusi sana, kwa hiyo ndani ya mafunjo mazima unategemea kukuta aina nyingi za mbawakawa, kunguni wa maji na kereng'ende, kila aina kwa idadi ya wastani. Wakitoweka, oksijeni haina hatia. Tafuta mafuta, sabuni, dawa za shambani, au mimea iliyokatwa. Maji taka yana sura yake: aina chache, idadi kubwa ajabu. Nakivubo hupokea maji ya Kampala kupitia mfereji wake kabla hayajafika Ghuba ya Murchison, na sehemu yake ya juu imegeuzwa mashamba ya magimbi na miwa. Mahali kama hapo mchoto mmoja unaweza kujaa Chironomus wekundu na Culex quinquefasciatus, pamoja na wale nzi wadogo wenye manyoya wa Psychodidae, huku ukimtafuta Dytiscidae bila kumwona. Ndipo upitishaji wa umeme unapokuja: ukipanda ghafla kutoka kituo kimoja hadi kingine mita chache mbele, kuna kitu kinaingia hapo katikati, na mwendo wa dakika tano kando ya mfereji mara nyingi huonyesha bomba.

Linganisha kinamasi na kinamasi cha aina yake: mafunjo yanayoelea na mafunjo yanayoelea, bonde la milimani na bonde la milimani, msimu uleule, umri uleule wa mwezi wa angani. Kinamasi cha Magombe kilichoko Bigodi usikipime kwa kile cha Lutembe, kando ya Ziwa Viktoria. Na kwenye daftari andika pia sifuri. Mistari "Dytiscidae 0, michoto 10, mitego 4, usiku wa mvua" ina thamani kuliko nafasi iliyoachwa wazi, kwa sababu atakayekuja miaka 5 baadaye hataweza kujua kama hawakuwepo au kama hakuna aliyewatafuta.